Metali za Thamani za Anga za Juu na Mustakabali wa Kanda ya Maziwa Makuu: Mtazamo kutoka Grande Barrière, Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza matarajio ya kuchimba metali za thamani katika asteroidi, na kuyatazama kutoka Grande Barrière, kivuko cha mpakani kati ya Rubavu nchini Rwanda na Goma katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Yanajenga hoja tatu. Kwanza, kemia ya asteroidi inatofautiana na ile ya miamba ya kanda hii, hivyo koltani haitishiwi na uchimbaji wa angani, ilhali dhahabu na kobalti zinaweza kuguswa. Pili, uchimbaji wenyewe uko mbali, lakini kanuni za umiliki zinaandikwa sasa. Tatu, historia ya biashara ya madini katika mpaka huu inaonesha kwamba faida kubwa humwendea anayedhibiti hati na masharti ya soko kuliko anayeishi juu ya mwamba. Makala yanapendekeza msimamo wa pamoja wa nchi za kanda kabla ya 2027, mwaka ambao mapendekezo ya awali ya kanuni za kimataifa yanatarajiwa kukamilishwa.

1. Utangulizi

Grande Barrière iko kando ya Ziwa Kivu, mwishoni mwa barabara ya ufukweni itokayo katikati ya mji wa Gisenyi. Hatua chache mbele yake ndipo Goma huanzia. Kaskazini ya hapo iko Petite Barrière, kivuko ambacho hupitisha maelfu kwa maelfu ya wachuuzi wa miguu kwa siku za kawaida. Mpaka wanaouvuka haukuwekwa na wazee wao. Mwaka 1910, mjini Brussels, Ubelgiji, Ujerumani na Uingereza zilikubaliana juu ya mipaka ya eneo la Kivu, na tangu hapo jiwe linalofukuliwa upande mmoja lina uraia mmoja, na linalofukuliwa upande wa pili lina uraia mwingine, hata kama mwamba ni ule ule.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini mjadala wa asteroidi uanzie mahali kama hapa. Jibu ni kwamba dola mbili zinazokutana katika kivuko hiki zimewahi kutamka misimamo miwili tofauti kuhusu mali za anga. Tarehe 3 Desemba 1976, Zaire, pamoja na Kenya, Uganda na nchi nyingine za ikweta, ilitia saini Azimio la Bogotá, lililodai kwamba sehemu ya mzingo wa setilaiti zinazoonekana kutulia juu ya ikweta ni mali ya nchi zilizo chini yake. Tarehe 13 Desemba 2022, Rwanda na Nijeria zilikuwa nchi za kwanza za Afrika kutia saini Makubaliano ya Artemis, ambayo yanakubali kwamba rasilimali za angani zinaweza kuchukuliwa na kutumiwa bila kitendo hicho kuhesabiwa kuwa ni kujitwalia eneo la anga. Misimamo hiyo miwili, wa kudai kwa jina la jiografia na wa kujiunga na wanaotunga kanuni, ndiyo mhimili wa makala haya.

2. Metali zilizopo angani na zisizopatikana huko

Mazungumzo mengi kuhusu utajiri wa asteroidi hutaja metali zote kwa pamoja kana kwamba ni kundi moja. Mwanajiokemia Victor Goldschmidt, aliyefanya kazi Norwei na Ujerumani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, aliziainisha elementi kwa kufuata zinavyopenda kuambatana. Ziko zipendazo chuma, miongoni mwao nikeli, kobalti, dhahabu, platini na iridi. Ziko pia zipendazo mwamba, yaani zinazoambatana na oksijeni na kubaki katika ganda la juu. Tantali ni mojawapo.

Dunia ilipokuwa changa na bado imeyeyuka, chuma kizito kilizama kuelekea kitovu, kikaondoka na sehemu kubwa ya metali zinazokipenda. Ndiyo sababu dhahabu na platini ni adimu katika ganda tunaloishi juu yake. Baadhi ya magimba madogo ya angani nayo yaliyeyuka na kujitenga hivyo hivyo, kisha yakagongana na kuvunjika. Vipande vya viini vyao vimebaki wazi, na vingine huanguka duniani vikiwa vimondo vya chuma.

Afrika Mashariki ina ushahidi wa jambo hili unaoweza kuguswa kwa mkono. Kimondo cha Mbozi, katika Mkoa wa Songwe nchini Tanzania, kina urefu wa takriban mita 3 na hukadiriwa kuwa na uzito wa tani 16 hivi. Wenyeji walikifahamu kabla ya habari zake kuwafikia wanasayansi wa nje katika miaka ya 1930. Takriban asilimia 90 yake ni chuma, na asilimia 8 hivi ni nikeli. Anayekitazama hapaswi kutarajia kuona mshipa wa dhahabu: metali za thamani katika vimondo vya aina hii zimesambaa ndani ya chuma kwa viwango vya gramu kwa tani. Hata hivyo viwango hivyo si vya kudharau. Baadhi ya vimondo vya chuma vina makumi ya gramu za metali za kundi la platini kwa kila tani, wakati miamba ya Bushveld nchini Afrika Kusini, chanzo kikuu cha platini duniani, hutoa gramu chache tu kwa tani.

Koltani ina historia tofauti kabisa. Tantali hukataa kuingia katika madini ya kawaida ya mwamba unaopoa; hubaki katika ujiuji wa mwisho, pamoja na maji na elementi nyingine adimu, hadi ujiuji huo unapoganda kuwa pegmatiti. Hayo ndiyo yaliyotokea takriban miaka bilioni 1 iliyopita katika ukanda wa kijiolojia unaopita Rwanda, Burundi, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, kusini-magharibi mwa Uganda na mashariki ya Kongo. Kasiteriti, ambayo hutoa bati, na wolframiti, ambayo hutoa wolframu, zilikusanywa hapa na mchakato wa jamaa moja, wa matale na maji moto yaliyopita katika nyufa za miamba. Ulihitaji ganda lililoyeyushwa na kuchujwa mara kwa mara kwa muda mrefu sana. Asteroidi hazikuwahi kuwa na tanuri la namna hiyo. Chembe za tantali, bati na wolframu zipo angani, lakini hazikukusanywa kuwa mbale inayofaa kuchimbwa.

Matokeo yake kisera ni wazi. Iwapo uchimbaji wa angani utafanikiwa siku moja, utakaoguswa kwanza ni uchumi wa platini wa Afrika Kusini na Zimbabwe. Katika kanda yetu, zitakazoweza kuguswa ni dhahabu, pamoja na kobalti ya Katanga. Koltani ya Masisi na ya magharibi mwa Rwanda haina mshindani angani. Mshauri wa serikali anayeambiwa kwamba asteroidi zitaifuta thamani ya koltani anaambiwa jambo lisilokuwa na msingi katika kemia.

3. Umbali kati ya sampuli na mgodi

Asteroidi inayotajwa zaidi katika mijadala hii ni Psyche, iliyogunduliwa na Annibale de Gasparis mwaka 1852. Upana wake ni takriban kilomita 220. Magazeti mengi yameinukuu thamani ya dola 10 ikifuatwa na sifuri 18. Hesabu hiyo huchukua bei ya leo ya chuma na nikeli, kisha huizidisha kwa uzito wote wa gimba, kana kwamba bei ingebaki pale pale baada ya soko kufurika. Zaidi ya hayo, vipimo vya karibuni vinaonesha kwamba sentimita moja ya ujazo ya Psyche ina uzito wa gramu 4 hivi, ilhali ya chuma kitupu ina karibu gramu 8. Kwa hiyo gimba hilo huenda ni mchanganyiko wa metali, mwamba na uwazi. Chombo cha Marekani kilichorushwa tarehe 13 Oktoba 2023 kinatarajiwa kulifikia mwaka 2029, na kimebeba vifaa vya kupimia tu.

Yaliyokwisha kuletwa duniani kutoka asteroidi ni kidogo mno. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilirudisha gramu 5.4 kutoka Ryugu mwaka 2020. Chombo cha Marekani, OSIRIS-REx, kilirudisha gramu 121.6 kutoka Bennu mnamo Septemba 2023, kwa gharama ya jumla iliyozidi dola bilioni 1. Hiyo ni zaidi ya dola milioni 8 kwa gramu. Gramu ya dhahabu, hata baada ya kupanda sana mwaka 2025, ilikuwa ikiuzwa kwa dola mia moja na ushei. Ulinganisho huu una mipaka, maana safari hizo zilikuwa za sayansi na hazikukusudiwa kuleta faida. Lakini unaonesha ukubwa wa pengo linalopaswa kuzibwa.

Kampuni binafsi nazo zimejaribu. Planetary Resources, iliyojitangaza mwaka 2012 kwa kishindo kikubwa, iliishiwa na fedha na kununuliwa mwaka 2018 na kampuni isiyohusika na madini. Deep Space Industries ilinunuliwa muda mfupi baadaye. AstroForge ilirusha chombo chake kiitwacho Odin mnamo Februari 2025, na mawasiliano nacho yakapotea baada ya muda mfupi. Kwa sababu hizi wataalamu wengi hutarajia kwamba bidhaa ya kwanza ya maana kuchimbwa angani itakuwa maji ya barafu ya Mwezi, yatakayotumika huko huko kutengeneza fueli ya roketi. Platini inayoletwa kuuzwa duniani itafuata baadaye, ikiwa itafuata.

Hata hivyo umbali huo usitufanye tulale. Bei ya madini husikiliza fununu kabla ya kuona mzigo. Kanda hii ililijua hilo mwaka 2000, pale hofu ya upungufu wa tantali kwa ajili ya kapasita za simu na kompyuta ilipoipandisha bei mara kadhaa ndani ya miezi michache. Wakulima wa Kivu waliacha mashamba wakaingia mashimoni. Mwaka 2001 bei iliporomoka, na mashamba yalikuwa yameshakuwa mapori. Hakuna aliyekuwa amegundua mgodi mpya wa kubadilisha soko. Kilichobadilika ni matarajio ya wanunuzi walioko mbali.

4. Nani mwenye mali ya angani?

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza dola kujitwalia Mwezi au gimba lolote la angani, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kulitumia au kwa kulikalia. Mkataba haukutamka lolote kuhusu jiwe lililokwisha kung'olewa. Pengo hilo ndilo linalogombewa.

Mkataba wa Mwezi wa mwaka 1979 ulijaribu kuliziba kwa kutangaza kwamba rasilimali hizo ni urithi wa pamoja wa wanadamu, na kwamba utaratibu wa kimataifa uundwe pale uchimbaji utakapokaribia kuwezekana. Nchi zilizouridhia hazijafika 20, na hakuna mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki miongoni mwao. Marekani ilichukua njia nyingine mwaka 2015 kwa sheria inayompa raia wake haki ya kumiliki na kuuza rasilimali aliyoichimba angani. Luxembourg ilifuata mwaka 2017, Falme za Kiarabu mwaka 2019, na Japani mwaka 2021. Makubaliano ya Artemis ya mwaka 2020 yameupa mtazamo huo uungaji mkono wa nchi nyingi zaidi, Rwanda ikiwa mojawapo.

Wakati huo huo, Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Matumizi ya Amani ya Anga za Juu iliunda mwaka 2021 kikundi kazi cha masuala ya kisheria ya rasilimali za angani. Kikundi hicho kinatarajiwa kukamilisha mapendekezo ya awali ya kanuni ifikapo 2027. Hapa ndipo dirisha lilipo. Kanuni zikishaandikwa na kuzoeleka, nchi isiyokuwepo hubaki kutafsiri na kutii.

5. Fundisho la kivuko

Mpaka wa Rubavu na Goma umekwisha kutufundisha maana ya kutii kanuni zilizoandikwa kwingine. Mnamo Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ambayo kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze iwapo bati, tantali, wolframu na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huo serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na usimamishaji ukaendelea hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo, ambao hawakuwahi kuulizwa, walipoteza kipato kwa sababu ya fomu inayojazwa na mhasibu katika bara jingine.

Nchi za kanda zilijibu kwa kuandika kanuni zao. Tarehe 15 Desemba 2010, mjini Lusaka, wakuu wa nchi wanachama wa Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, ujulikanao kwa kifupi ICGLR, waliridhia utaratibu wa pamoja wa vyeti vya asili ya madini. Mifuko ikaanza kufungwa lebo zenye namba, na mzigo ukatakiwa uwe na cheti ndipo uvuke mpaka kihalali.

Utaratibu huo haujatibu kila ugonjwa. Tangu mwishoni mwa Januari 2025 Goma imekuwa mikononi mwa M23, na hivyo upande wa pili wa Grande Barrière umeacha kusimamiwa na serikali ya Kinshasa. Ripoti za Kundi la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa zimeeleza kwamba koltani ya Rubaya imekuwa ikivushwa kuingia Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Serikali ya Rwanda imekanusha madai hayo. Kwa mjadala wetu jambo la kuzingatia ni hili: mgogoro wenyewe unahusu hati. Jiwe halisemi lilikotoka. Wataalamu wanaweza kulitambua kwa kupima kemia ya mbale ghafi, lakini likishayeyushwa pamoja na mengine, ushahidi pekee unaobaki ni karatasi.

Metali ya angani itakuwa na shida hiyo hiyo kwa kiwango kikubwa zaidi. Platini au dhahabu iliyosafishwa haina alama ya asteroidi ilikotoka. Kama hakutakuwa na utaratibu wa kimataifa wa kuithibitisha, neno «angani» linaweza kugeuka jina jipya la mahali pa asili pasipoweza kukaguliwa. Dhahabu ya magendo kutoka mashimo ya Ituri au Kivu ingeweza kupewa uraia wa asteroidi, kwa kuwa hakuna mkaguzi atakayefika huko. Hatari hii ni ya kinadharia leo, lakini kanda inayojua jinsi mizigo inavyobadilishiwa asili ina wajibu wa kuitaja mapema. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa swali ni daftari hilo litashikwa na nani.

6. Kutoka Bogotá hadi Nairobi

Azimio la Bogotá halikufanikiwa kama dai la mamlaka. Mataifa yenye roketi yalilipinga, na hakuna nchi ya ikweta inayotoza kodi setilaiti zilizo juu yake. Wengi huishia hapo katika kulisimulia. Lakini shinikizo lile lilizaa matunda katika Shirika la Kimataifa la Mawasiliano. Mkutano Mkuu wa shirika hilo uliofanyika Nairobi mwaka 1982 uliingiza katika mkataba wake maneno yanayotaka mahitaji maalumu ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya nchi fulani yazingatiwe katika matumizi ya mzingo huo. Mwaka 1988, mjini Geneva, mpango ulikamilishwa wa kuihakikishia kila nchi angalau nafasi moja ya setilaiti za mawasiliano. Dai la umiliki lilishindwa, lakini dai la kugawana kwa haki lilipata kanuni.

Mfano wa pili unatoka baharini. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 151, ulitambua kwamba uchimbaji wa sakafu ya bahari kuu unaweza kushusha bei ya madini na kuziumiza nchi zinazoendelea zinazoyachimba nchi kavu. Ukaweka msingi wa kuzifidia au kuzisaidia nchi hizo. Makubaliano ya mwaka 1994 yaliupunguza msingi huo, lakini hayakuufuta: yalibakiza mfuko wa msaada wa kiuchumi. Hakuna kipengele kinacholingana na hicho katika Makubaliano ya Artemis, wala katika sheria za kitaifa zilizotajwa hapo juu.

7. Mapendekezo

Kutokana na hoja hizi, makala yanapendekeza hatua nne.

Kwanza, nchi za ICGLR na Jumuiya ya Afrika Mashariki ziwasilishe waraka wa pamoja kwa kikundi kazi cha Umoja wa Mataifa kabla ya 2027, zikidai kipengele cha kuwalinda wachimbaji wa nchi kavu kinachofuata mfano wa ibara ya 151. Kipengele hicho kitaje kobalti, dhahabu na metali za kundi la platini, maana ndizo zinazohusika kikemia.

Pili, Rwanda itumie nafasi yake ndani ya Makubaliano ya Artemis kuipeleka hoja hiyo mezani. Aliyetia saini ana haki ya kusema ndani ya nyumba. Kutia saini kwake hakuzizuii nchi jirani kushikilia kanuni ya urithi wa pamoja. Misimamo hiyo miwili inaweza kukutana katika suala la fidia.

Tatu, uzoefu wa vyeti vya Lusaka, pamoja na kasoro zake, uandikwe na utolewe kama mchango wa kitaalamu katika kubuni cheti cha asili cha metali za angani. Ni maeneo machache duniani yenye uzoefu wa aina hiyo.

Nne, vyuo vikuu vya kanda vifundishe jiokemia ya asteroidi na sheria ya anga pamoja, ili mshauri wa serikali aweze kutofautisha tishio la kweli na tangazo la mwekezaji.

8. Hitimisho

Metali za thamani zipo angani, na baadhi yake zipo kwa wingi kuliko katika migodi yetu. Hazitafika sokoni kesho, na zitakapofika hazitakuwa koltani. Hata hivyo haki juu yake inagawanywa sasa, kwa lugha ya vifungu na fasili, na wengi wa wanaogawana hawana mgodi wa kupoteza. Nchi zinazokutana Grande Barrière zimekwisha kuona gharama ya kuikuta kanuni ikiwa imekamilika. Mara hii rasimu bado iko wazi, na mwaka wa mwisho wa kuichangia unajulikana.